Unguja kwa siku moja kutokea Dar: zunguka mwenyewe na uwahi boti ya kurudi

Watu wengi hapa Dar boti za Zanzibar wanaziona tu zikipita Magogoni wakiwa kwenye pantoni la Kigamboni, miaka inakatika hawajawahi kuvuka, na ukiwauliza wanakwambia Zanzibar ni ya kwenda na kampuni, ulipe kifurushi, ulale hoteli. Sio lazima. Unaweza kuondoka asubuhi, ukazunguka kwa miguu na daladala, jioni ukarudi ukalala kwako Tabata. Ila inataka mpango, na mpango wenyewe unaupanga kuanzia mwisho kuja mwanzo. Hata wale wageni wanaoshuka kwenye meli kubwa za kitalii pale bandari ya Malindi hesabu yao ni hiyohiyo, saa ya kuondoka ikifika meli haimsubiri mtu, kwa hiyo haya yanawafaa na wao.

1. Anza na boti ya kurudi

Boti ya kasi ya kwanza kutoka Dar inaondoka saa 1 asubuhi, safari ni kama masaa mawili, bahari ikitulia inapungua kidogo. Ya mwisho ya kutoka Unguja kuja Dar ni ile ya mnamo saa 10 jioni, saa kamili isome kwenye tiketi yako na uiamini hiyo kuliko unachosikia kwa watu, ratiba huwa zinasogezwa. Sasa piga hesabu. Unafika Malindi kwenye saa 3, unakaguliwa, mpaka unatoka nje ni saa 3 na robo, wakati mwingine na nusu. Jioni uwe bandarini saa 9 alasiri, sio saa 10, manake kuna foleni ya kukaguliwa mizigo na geti linafungwa kabla boti haijang'oa nanga. Hapo unabaki na masaa matano na nusu hivi ya kwako, na hayo ndo yote.

Masaa matano na nusu yanatosha kabisa kufurahi sehemu moja. Hayatoshi sehemu tatu. Watu wanaorudi wamechoka na wamekasirika ni wale waliotaka Nungwi, afu Jozani, afu mashamba ya viungo, afu wapite Forodhani, siku nzima wamekaa ndani ya gari. Chagua upande mmoja, ukae nao.

2. Tiketi na kitambulisho

Kata tiketi ya kwenda na kurudi kwa pamoja, siku kadhaa kabla, ama kwa mtandao wa kampuni yenyewe ama kwenye madirisha yao pale Sokoine Drive mkabala na kanisa la Mtakatifu Joseph. Usinunue kwa mtu aliyesimama barabarani hata kama amevaa kizibao na anaongea vizuri. Jina kwenye tiketi lifanane na kitambulisho, na Mtanzania anayo nauli yake ya shilingi ambayo ni nafuu kuliko ya mgeni, ila lazima uonyeshe kitambulisho, NIDA ndo haina maswali. Kama una mgeni kutoka nje ya nchi mwambie abebe pasipoti, na akate na ile bima ya lazima ya Zanzibar ambayo wageni wanatakiwa kuwa nayo tangu Oktoba 2024, dola 44, aikate mtandaoni kabla hajafika, sisi wa huku haituhusu.

Jumapili jioni, sikukuu za Idi, Pasaka na wiki ya Mapinduzi (tarehe 12 Januari) boti za kurudi zinajaa kweli. Ukienda siku hizo bila tiketi ya kurudi mkononi ujue unaweza kulala huko.

3. Angalia mwezi kabla hujachagua tarehe

Hii naiwekea uzito manake karibu kila mtu wa bara anairuka, afu anafika pwani ya Paje anakuta bahari imekimbia, maji yako mbali huko kwenye mwamba na mbele yake ni mchanga, mwani na kina mama wanaolima mwani wameinama kazini. Anaona ameibiwa. Hajaibiwa, kaja siku ya bamvua.

Iko hivi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani kwa kalenda ya Kiislamu kuanzia tarehe mosi na tarehe 15 na siku mbili tatu zinazofuata, maji yanakuwa bamvua, yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya juu na chini inafika kama mita 4. Na kwa bahari yetu hii, siku za bamvua maji yanakupwa kabisa kwenye saa 4 au 5 asubuhi na yanajaa kwenye saa 10 jioni. Ukilinganisha na masaa yako ya kukaa kisiwani unaona mwenyewe, unafika wakati bahari inaondoka na unaondoka wakati bahari inarudi. Siku za maji mafu, kwenye tarehe 8 na 22 za mwezi huohuo wa Kiislamu, inageuka, asubuhi hiyo ya saa 4 maji ndo yamejaa na hata yakikupwa alasiri hayaendi mbali. Kila siku inayopita maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukijua ya leo unaweza kuipata ya Jumamosi kwa vidole.

Basi kama unataka kuogelea pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, chagua maji mafu. Kama unataka kukanyaga lile fungu la mchanga la Nakupenda linalotokeza katikati ya bahari mbele ya mji, chagua bamvua, asubuhi linakuwa limeanikwa lote na kadiri mchana unavyosogea maji yanalimeza. Nungwi na Kendwa kule kaskazini bahari haikimbii mbali hivyo, unaogelea karibu muda wowote, shida yake ni umbali tu na nitaisema.

Upepo nao. Kuanzia Mei mpaka Septemba ni kusi, na kusi likivuma hasa Juni mpaka Agosti boti ya kurudi Dar inakutana na mawimbi uso kwa uso, watu wanatapika. Kama tumbo lako ni jepesi kaa chini, katikati kuelekea nyuma, usikae mbele, usile chipsi mayai dakika kumi kabla, na dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya safari sio ukishaanza kuumwa. Masika ya Machi mpaka Mei unaweza kwenda ila mvua ikikukuta shamba, yaani nje ya mji, inakula nusu ya siku yako.

4. Asubuhi ya safari

Uwe bandarini saa 12 kamili. Kama unatoka Kimara au Ubungo panda mwendokasi inayoenda Kivukoni ushuke Posta ya Zamani, unatembea kidogo tu, usijipe moyo kwamba utapata bajaji ya haraka alfajiri hiyo kutoka Gongo la Mboto. Beba begi moja la mgongoni. Begi kubwa linawekwa na mizigo na kule Malindi unasubiri lishushwe, hapo unapoteza dakika ambazo ungekuwa ushafika sokoni Darajani. Ndani: kitambulisho, nguo ya kuogea, kanga au taulo jepesi, ndala, maji, chaja. Watu watakuja kutaka kukubebea, kataa kwa heshima na uendelee kutembea.

5. Ukishuka Malindi

Mkaguzi wa uhamiaji atataka kuona kitambulisho, wa bara hugongewi muhuri wowote. Nje ya geti wanakusubiri papasi, yaani vijana wanaowinda wageni wawatembeze, na madereva teksi, wengine ni watu wazuri kabisa, ila wote wana haraka na wewe huna. Kanuni yangu ni moja, usikubaliane bei yoyote ndani ya mita mia za kwanza. Toka, tembea, vuta hewa, ndo uanze kuongea na mtu.

Na ukiongea, salimia kwanza. Sisi wa Dar tumezoea kumkurupukia mtu, "bro Nungwi shingapi," kule hiyo inasikika vibaya. Asalaam aleikum au habari za asubuhi, mtu mzima shikamoo, subiri ajibu, ndo uulize. Nimeona bei ikishuka kwa sababu ya salamu tu, na hata isiposhuka utaelekezwa njia vizuri.

Ukitoka getini ukafuata bahari kuelekea kusini unapita jengo la Dispensari ya Zamani lenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa, unafika Mtini ambapo ndo boti za Changuu zinapopakia, afu Forodhani. Ukifuata barabara ya Creek, ambayo sasa ni Benjamin Mkapa, unafika Darajani kwa mwendo wa dakika kumi hivi, soko, daladala, kila kitu. Mji Mkongwe wote umekaa kati ya bahari na hiyo barabara, kwa hiyo ukipotea ndani ya vichochoro, na utapotea, chagua uelekeo mmoja usiubadilishe, utatokea baharini au utatokea Creek. Ramani ya simu inachanganyikiwa humo ndani, kuta ni ndefu na njia nyembamba, bora umuulize mzee aliyekaa barazani.

6. Chagua upande mmoja

Kama ni mara yako ya kwanza, chaguo langu ni Mji Mkongwe na Changuu, na sioni haya kusema hivyo japo marafiki wengi watakwambia beach kwanza. Huhitaji gari hata moja na hakuna foleni itakayokufanya uache boti.

Nenda Changuu kwanza, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kisiwa kiko kama kilomita 5 na nusu tu kutoka mjini, boti ya mbao ya injini inachukua dakika 20 mpaka nusu saa. Bei hapa inakatwa kwa boti nzima sio kwa kichwa, sasa mtu mmoja akienda peke yake analipia viti vyote, simama pale Mtini utafute watu wawili watatu wa kuchangia nao, wanafunzi, familia, hata wageni wa meli, mtagawana na itakuwa nafuu. Mkubaliane mambo manne kabla hujakanyaga boti: bei ni ya kwenda na kurudi, mtakaa kisiwani muda gani, kiingilio cha kisiwa kimo au hakimo, na kila abiria ana jaketi la kuokolea. Hela malizieni mkirudi. Na uvae ndala, kupanda na kushuka unaingia majini mpaka magotini.

Kule kuna wale kobe wakubwa, asili yao Aldabra huko Ushelisheli, wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919 na wapo wenye umri zaidi ya miaka mia. Wengi wanakiita kisiwa cha magereza, na kweli jengo la jela lipo, lilijengwa 1893, ila halikupata kuwa jela, likatumika kuwaweka karantini wasafiri waliohofiwa kuwa na homa ya manjano. Usiwapande kobe migongoni na mtoto wako mkataze. Saa moja na nusu kisiwani inatosha.

Ukirudi saa 6 mchana una masaa mengine karibu matatu. Kwanza Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, Sultani Barghash alilifunga soko mwaka 1873 na kanisa likaanza kujengwa mwaka huohuo. Unalipa kiingilio, Mtanzania bei yake iko chini. Kuna vyumba vya chini, dari limekaa karibu na kichwa, na nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Usipite hapa kwa kukimbia upige selfi uondoke. Wengi waliouzwa pale walitembezwa kutoka huku kwetu bara, kutoka Nyasa na Tanganyika, walivushwa bahari hiihii uliyoivuka asubuhi kwa kiti cha kuegemea. Kama una watoto wakubwa waache waulize maswali yao hapo, mwongozaji wa palepale anaeleza kwa Kiswahili kizuri.

Baada ya hapo tembea tu mpaka Ngome Kongwe na Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo lipange kuliangalia kwa nje.

Chaguo la pili ni Jozani, kwa wanaopenda msitu. Ni kama kilomita 35 kutoka mjini, panda daladala ya Jambiani namba 309 au ya Makunduchi 310, zinapita palepale getini, mwambie konda akushushe Jozani. Kabla hujaenda kituoni ulizia mtu hiyo namba leo inapakia wapi, gari za shamba zimekuwa zikihamishwa kati ya Darajani na stendi ya Kijangwani. Ndani kuna kima punju, wekundu mgongoni, asili yao ni hapahapa Unguja na hawakuogopi, ila usiwaguse na usiwape ndizi. Kuna na njia ya mbao ndani ya mikoko. Daladala inasimama kila kijiji, weka saa moja na robo kwenda na hiyohiyo kurudi, na saa 7 na nusu uwe ushasimama barabarani unasubiri gari ya mjini. Gari ikipita imejaa utasubiri nyingine, ndo maana nasema mapema.

Paje iko mbele ya Jozani kwenye barabara hiyohiyo, kama kilomita 50 kutoka mjini. Siku ya maji mafu inawezekana, unapata masaa mawili na ushee ya bahari, lakini usiunganishe na Jozani ukiwa unatumia daladala.

Nungwi ni karibu kilomita 60. Daladala 116 inaweza kuchukua masaa mawili ikiwa inapakia njiani, kwenda na kurudi manne, unabaki na saa moja na nusu ya kuogelea huku unaangalia saa. Kwa siku moja mi sikushauri daladala kule. Kama mko wanne chukueni gari ndogo ya kuwapeleka, kuwasubiri na kuwarudisha. Mwambie dereva saa ya boti yenu kabla ya kutaja bei, mkubaliane kabisa kwamba saa 7 mchana gari linaondoka Nungwi, mpe nusu ya hela, nusu nyingine Malindi getini. Dereva ambaye hela yake iko Malindi anawahi Malindi.

Pikipiki za kukodi zipo ila trafiki ni wengi barabara za shamba, bila leseni yako na karatasi za chombo kutoka kwa mwenye nacho utatumia masaa yako pembeni ya barabara. Kama hujazoea kuendesha, siku ya boti sio siku ya kujifunza.

7. Hela, nguo, chakula

Shilingi ni ileile, mawakala wa simu wamejaa, ila boti za Changuu na daladala wanataka keshi, beba noti ndogondogo.

Mjini vaa nguo inayofunika mabega na magoti, wanaume pia, nguo ya kuogea ni ya ufukweni tu. Usimpige mtu picha bila kumuomba, hasa kina mama. Ijumaa kuanzia saa 6 maduka mengi yanafungwa kwa ajili ya swala, yatafunguka baadaye. Ramadhani mchana usile wala kunywa hadharani, migahawa mingi inafungwa, kama safari yako ni ya kwenda kula basi isogeze mbele.

Soko la chakula la usiku pale Forodhani utalikosa, linaanza jua likizama na wewe utakuwa ushafika Dar. Usihuzunike. Kula urojo wa mchana, bakuli lenye bajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo juu na ukwaju wake, utaupata Darajani na vichochoroni kwa bei ya kawaida kabisa. Ukitaka chakula cha kukaa mezani Lukmaan pale Mkunazini ni karibu na kanisa, pilau, pweza wa nazi, unaangalia vyakula vimepangwa ndo unachagua. Viungo nunua ndani ya soko la Darajani wanaponunua wenyeji, karafuu, iliki, mdalasini, sio vile vijikapu vya wageni.

8. Kurudi

Saa 8 na nusu anza kuelekea Malindi hata kama uko Forodhani na unaona boti kwa macho. Weka kengele ya simu. Tiketi na kitambulisho mkononi, begi linapita kwenye mashine, unakaa ukumbini.

Ikitokea umeachwa, usianze kulia na papasi. Uliza dirishani kama tiketi inabadilishwa kwa boti ya saa 1 kesho asubuhi na kwa nyongeza gani. Ukiwa lazima ufike leo, uwanja wa Abeid Amani Karume uko kama kilomita 7, daladala 505 inafika, ndege ndogo za Dar ni dakika ishirini na kitu angani, bei inauma ila kazini utafika. Ukiamua kulala, nyumba za wageni za bei nafuu zipo nyuma ya Malindi na kuelekea Mkunazini, na hapo sasa Forodhani ya usiku umeipata.

Dar unafika kwenye saa 12 jioni. Madereva watakuwa wamejazana nje ya geti na bei zao ni za watu wenye mabegi. Vuka barabara, nenda Posta ya Zamani kwa miguu, foleni ya Morogoro Road muda huo ni kubwa na mwendokasi ina njia yake.